Ukuta wa Genoa Nilioupeleka Mikindani

Taarifa ya kifo cha Mirela ilinikuta jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo, ikabidi mjukuu wangu aishike simu anisomee. Aliyeandika ni binti wa kaka yake Mirela, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashine ya kutafsiri: "Shangazi yangu Mirela amekufa siku ya Jumanne kwa utulivu. Alikuwa mzee sana. Yeye alitaka wewe ujulishwe." Mjukuu akacheka kidogo, kisha akaniona uso. "Bibi, huyo Mirela ndiye nani?" Nikamwambia ni nesi mmoja wa Kiitaliano tuliyekaa naye nyumba moja nilipokuwa kidato cha tatu. "Mkakaa miaka mingapi?" Mmoja tu, na wenyewe haukutimia. Nikanawa mikono, nikaenda chumbani kuvuta sanduku la chini ya kitanda, maana najua nilikoweka madaftari yangu ya wakati ule. Nilikuwa msichana wa aibu. Siyo ile aibu ya adabu ambayo wazazi huisifu mbele ya wageni. Yangu ilinifunga mdomo. Mwalimu akiniuliza swali jibu nilikuwa nalo, lakini lilibaki humo humo ndani mpaka jioni nikaliandika daftarini. Kila nilichoshindwa kukisema mwaka ule nilikiandika, kwa hiyo leo nikisoma naona mambo waziwazi kuliko ninavyoyakumbuka, na mengine yananitia haya upya kabisa.

Nyumba ilikuwa ya watumishi, kule Shangani, Mtwara mjini: vyumba viwili, ukumbi, na jiko la nje. Shangazi yangu Yustina alikuwa karani wa bandari, mwanamke wa kanisani, mwenye sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Mwaka ule bunduki za ng'ambo ya Ruvuma zilikuwa zimenyamaza na Msumbiji ilikuwa inasubiri uhuru wake, lakini majeruhi na wakimbizi walikuwa bado wengi upande wetu. Mirela alikuja na wenzake wachache kuwahudumia. Nafasi za kulala zilikuwa haba, Shangazi akaombwa atoe chumba, naye bila kuniuliza akatoa changu. Nikahamia ukumbini, kwenye kitanda cha kamba nyuma ya pazia. Nilinuna wiki nzima. Sikujua kwamba pazia lile lingenifundisha mengi kuliko darasa, kwa sababu watu wazima wakishazoea pazia husahau kuna mtu nyuma yake. "Ana miaka arobaini," nilimsikia Shangazi akimwambia jirani yetu, Mama Hadija, "hana mume, hana mtoto, na bado anacheka vile." Mama Hadija akafikiri. "Labda ndiyo maana anacheka." Wakaangua kicheko wote wawili, na mimi nikauma shuka nisisikike.

Kilichonitoa nyuma ya pazia ni chakula. Jumamosi moja nilisikia kinu kinatwangwa uani kwa mapigo yasiyo ya mtu wa huku, pa, pa, kisha kimya, kisha kama mtu anaburuza kiatu. Nikachungulia. Mirela alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu, na ndani ya kinu alikuwa ametia majani ya mrehani, korosho, kitunguu saumu na chumvi, anamiminia mafuta ya ufuta kidogo kidogo. Shangazi alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Yesu na Maria! Mama, hayo ni majani ya kunukia. Watu wanaweka kichwani." Mama Hadija naye, aliyekuwa ukutani kwake anaanika nguo, akaongeza kwa huruma ya kweli: "Na maiti, dada. Maiti tunawawekea." Mirela Kiswahili chake kilikuwa bado cha maneno mawili mawili. "Mimi kula," akasema. "Kwetu, kila siku. Korosho hapana, kwetu mbegu ingine. Jaribu." Akapaka ule urojo wa kijani juu ya muhogo wa kuchemsha, akaninyooshea mimi kwanza, mimi niliyedhani sionekani. Nikala. Sijui niseme nini juu ya ladha ile. Niliandika tu, "kama kula harufu". Shangazi alionja kwa ncha ya jino, akachukua kipande cha pili, kisha akatoa hukumu: "Chumvi imepungua."

Tangu siku hiyo kazi ya kutwanga ikawa yangu na ya kusimulia ikawa yake. Mimi nilimsahihisha Kiswahili, kwa sauti ya chini, na yeye alinipa Genoa. Ndio mji wa bandari alikozaliwa, kaskazini ya Italia, umebanwa kati ya mlima na bahari hata nyumba hazikupata pa kutanukia zikapanda juu, ghorofa sita, saba, na vichochoro vya katikati ni vyembamba kiasi kwamba wabeba mizigo wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Baba yake alikuwa mmoja wa wabeba mizigo hao. Kwao huitwa kwa neno lililotoka kwa Waarabu, ndugu kabisa wa neno letu hamali, na Mirela alipolisikia mdomoni mwa Shangazi alipiga makofi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi. Nilishangaa jinsi alivyousimulia mji ule. Hakuanza na wafalme. Alianza na mnara wa taa za meli, ambao umewaka tangu zamani sana, ukabomolewa na ukajengwa tena. Akaja kwa wafanyabiashara waliokuwa na vituo mpaka bahari za mbali na waliokopesha wafalme wa nchi nyingine. Akaja kwa meli zilizoleta tauni pamoja na bidhaa, watu wakafa mpaka hapakuwa na wa kuzika. Halafu kwa pumzi ile ile akaingia utoto wake. Manowari zilipopiga mji kwa mizinga, yeye alikuwa wa miaka saba, wakakimbilia mahandaki waliyochimba mwambani. Kombora moja lilitoboa kanisa kuu likaanguka ndani, halikulipuka. Na mwisho wa vita, wananchi wenyewe, wa bandarini na viwandani, ndio waliolitia jeshi la Kijerumani mkononi. Jenerali mzima akasalimu amri mbele ya mfanyakazi wa kawaida. "Mbele ya fundi," alisema Mirela, akiinua mchi nilioshika mimi. "Siyo mbele ya jenerali mwenzake. Mbele ya fundi!" Mimi mtoto wa enzi ya ujamaa, niliyekariri madarasani kwamba wakulima na wafanyakazi ndio wenye nchi, nilikuwa sijawahi kukisikia kitu hicho kikisemwa na mtu aliyekiona.

Lakini kisa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha ukuta. Zamani sana, mfalme mkuu wa Wajerumani alikuwa anashuka na jeshi kuitiisha miji ya Italia. Genoa haikuwa na ukuta wa kutosha. Basi mji mzima ukatoka, wanaume kwa wanawake, wakabeba mawe na mchanga usiku na mchana bila kupumzika, ukuta ukapanda, na yule mfalme akaona afadhali apatane nao. Mirela aliniambia bibi yake alikuwa akimpeleka langoni pa ukuta ule na kumbandikisha kiganja kwenye jiwe. "Akaniambia, jiwe hili kabeba mwanamke." Niliandika kurasa nne siku hiyo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Rutta, alikuwa mtu wa Bukoba, kijana, mwenye moto. "Historia yenu imeandikwa na waliowatawala," alitwambia. "Nendeni kwa wazee mkaiandike wenyewe." Tukapewa kazi ya muhula: historia ya Mikindani, mji mkongwe wa bandari ulio jirani, ambao ulikuwa na misafara na majumba ya mawe kabla Mtwara haijawa kitu. Tulipelekwa kwa lori la shule, kila mmoja akaonyeshwa nyumba ya mzee wake. Yangu ilikuwa ya bibi mmoja aitwaye Bi Somoe. Nilifika mlangoni. Ndani kulikuwa na wanawake kadhaa wanasuka ukili na kucheka. Nikasema hodi kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Nikaisema mara ya pili, ikawa ndogo kuliko ya kwanza. Kubisha mlango wa mkubwa, kuingia, kusalimia mmoja mmoja, kuulizwa wewe ni wa nani, kujibu mbele ya macho yale yote: sikuweza. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya jiwe mpaka lori lilipopiga honi. Na nyumbani, nyuma ya pazia, nikaandika historia ya Mikindani. Niliandika kwamba Wajerumani walipokuja, wanawake wa Mikindani walitoka wakabeba mawe na mchanga usiku na mchana, wakajenga ukuta kutoka baharini mpaka kilimani, na adui akasita. Mtu angeniuliza ukuta huo uko wapi, nami nilikuwa nimejiandaa: mawe yake yalichukuliwa baadaye kujengea boma. Uongo wa mtu mwenye aibu huwa umepangwa sana, kwa sababu hana kazi nyingine.

Mwalimu Rutta aliisoma insha yangu darasani akitembea. Akasema huo ndio ujamaa wetu wa asili, kabla hatujapewa jina lake. Akasema siku ya mkutano wa wazazi na wazee, kule kule Mikindani, mbele ya katibu wa chama, nitaisoma mimi mwenyewe. Nikisoma, nitasema uongo mbele ya watu ambao wanaujua mji wao jiwe kwa jiwe. Nikikataa, lazima nieleze sababu, na sababu ilitosha kunifukuzisha shule. Mwalimu alikuwa amekwisha kutangaza kwamba atakayebuni habari za wazee atarudishwa kwao akalime. Shangazi, bila kujua, alifurahi mpaka akanunua kitambaa cha sare mpya. Jioni akaniamuru nisome mezani ili nizoee. Nikasoma huku nimeinamia sahani. Mirela alikuwa anamenya muhogo, na Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kimeshapata miguu. Nilipofika kwenye mawe na mchanga, kisu kikasimama. Shangazi aliposhangilia na kwenda kumwita Mama Hadija naye aje asikie, Mirela akaniinamia.

"Skola."

"Abee, dada."

"Umeiba ukuta wangu."

Nilianza kulia. Hakunizuia, wala hakunipapasa. Aliendelea kumenya. "Ukuta ni mzito," akasema baadaye. "Umeubebaje peke yako mpaka Mikindani?"

"Nitafanyaje, dada? Nisaidie. Mwambie wewe Mwalimu."

"Mimi? Mimi siujui mji wa Mikindani. Wewe pia huujui." Akaniangalia sana. "Nitakuja siku hiyo. Nitakaa nyuma. Zaidi ya hapo siwezi."

Nilimchukia, nikaandika hivyo, herufi kubwa. Leo mimi mwenyewe nimelea, na najua ilivyo kazi kumwona mtoto anatetemeka ukajizuia usiende kumsemea. Nawastahi wachache niliowaona wakiweza, na yeye ndiye wa kwanza.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, wanaume kwenye madawati, wanawake upande wa pili kwenye mikeka. Mirela alikaa mkekani mwisho kabisa, kajifunga kanga ya Mama Hadija. Baada ya ngonjera na hotuba niliitwa. Karatasi ilitetemeka hadi watu wa mbele wakaitazama badala ya kunitazama mimi, na hilo lilinisaidia. Nikasoma mwanzo, nikasoma Wajerumani, nikasoma ukuta. Nilitegemea minong'ono. Badala yake nikaona wazee wa madawatini wanaitikia kwa vichwa, kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mtoto wa mgeni. Kisha mzee mmoja, Mzee Bakari, mwenye kofia nyeupe na fimbo, akainuka nusu. "Naam," akasema, "ukuta huo ulikuwepo. Babu yangu alinionyesha ulipopita." Katibu wa chama akapiga makofi. Mwalimu Rutta akanitazama kwa fahari ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena maishani.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Uongo wangu ulikuwa umepata babu. Ningenyamaza tu pale, ningekaa chini salama, na Mikindani ingebaki na ukuta ambao haikuwahi kuwa nao, vitukuu wangeonyeshwa ulipopita. Nikamtafuta Mirela. Alikuwa anatazama mkeka.

"Haukuwepo," nikasema.

"Sauti!" akadai mtu.

"Ukuta haukuwepo hapa. Uko Genoa, mji wa ng'ambo, mji wa yule dada pale. Nilikuja kwa Bi Somoe nikaogopa kupiga hodi. Nikaandika habari za kwao nikaziita zenu. Nisameheni."

Kimya kilichofuata nilikuwa nimekizoea ndani yangu, lakini sikuwahi kukisikia kwa watu wote kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amesimama, uso umemwiva. Kisha upande wa mikeka bibi mmoja mwembamba, kipini puani, akaanza kutikisika mabega.

"Ee Bakari!" akaita. "Babu yako alitembea sana huyo! Alikwenda kukuonyesha ukuta Ulaya?"

Uwanja ukalipuka. Mzee Bakari alijaribu kusema jambo juu ya ukuta mwingine, mdogo, wa zizi, na kila alivyojitetea ndivyo kicheko kilivyozidi, mwishowe na yeye akafunika uso kwa kofia akacheka. Yule bibi akaninyooshea kidole nije. Nikaenda, nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba. Somoe ni mie. Ungepiga hodi tu, ntoto, ningekufanya nini? Ningekula? Kabila gani wewe?"

"Mngoni, bibi."

"Aaah!" Akawageukia wenzake, macho yanang'aa. "Ntani! Ndiyo maana! Wangoni walikuja kutuibia mbuzi, mwaka huu wanatuletea ukuta!" Wakapiga vigelegele. Kwa watani hakuna kosa lisilo na faini, wala hakuna faini inayokataliwa, na hata Mwalimu Rutta wa Bukoba alijua kwamba shauri hilo sasa limemtoka mikononi. Alikaa chini. "Nakutoza, ntani. Lakini kwanza mwite huyo mwenye ukuta."

Mirela akaja, akachuchumaa kando yangu.

"Hao wanawake wenu waliobeba mawe," Bi Somoe akamuuliza, "majina yao nani na nani?"

Nilimwona Mirela anayatafuta kweli, kana kwamba yangekuwepo mahali akilini mwake na yeye alipita tu bila kuyaokota. "Hayakuandikwa, bibi. Langoni pameandikwa majina ya viongozi. Ya wanaume."

"Na ukuta upo?"

"Kipande kipo."

Bi Somoe akaguna. Wenzake wakaguna. Mmoja, mnene, mwenye mtoto mgongoni, akaonyesha kwa kidevu zahanati mpya nyuma ya shule. "Kama ile. Nchanga nani kabeba? Maji nani kateka? Lakini kibao kimeandikwa ntu aliyekuja kukata utepe, kala wali, kaondoka." Katibu wa chama alijikohoza, akaanza kuangalia saa yake.

"Basi faini yako hii," akasema Bi Somoe. "Kuku wako sitaki. Kalamu unayo? Utaandika kila mwanamke wa hapa aliyebeba kitu, na alichobeba. Na mama zetu, waliobeba mawe ya nsikiti na kuchoma chokaa. Ukuta hatuna. Majina tunayo."

Mwalimu aliniadhibu, nisifiche. Alinipa sifuri kwa insha ile na wiki nzima ya kung'oa magugu kwenye shamba la mihogo la shule, na mwanzo wa wiki hakunisemesha kabisa. Lakini hakunifukuza, na Ijumaa alikuja shambani, akasimama kwenye tuta, akaniomba ile orodha aikopi. Mirela aliondoka kabla mwaka haujaisha, akavukia kivuko cha Kilambo, mtoni Ruvuma, kwenda kufanya kazi Msumbiji huru, na tuliandikiana barua miaka yote tangu hapo, kwanza nyingi kisha chache. Mara moja aliniandikia kwamba amekwenda langoni kwao kutazama tena yale majina ya viongozi, na kwamba amekasirika mpaka akakosa hamu ya kula.

Lakini siku ile uwanjani jua lilipungua na mimi niko bado mkekani. Walikuja kwa foleni, wengine wakisukumana. Mwanahamisi binti Seleman, mchanga, zahanati. Asha binti Liloko, maji. Fatu, mama yake Somoe, marehemu, mawe ya msikiti, akiwa na mimba ya Somoe. Wanaume walichoka kusubiri wakaanza kuondoka, kisha wakarudi na majina ya mama zao. Nilipomaliza, mkono umekufa ganzi, nikampa Bi Somoe karatasi. Hakuipokea.

"Mie sijui kusoma. Nitajuaje hukunitania tena? Simama. Soma."

Nikasimama. Nikataja la kwanza, na mwenyewe akajibu, "Mie hapa!" Nikataja la pili. Sauti yangu ilianza kama kawaida yake, halafu sijui ni jina la ngapi, ikafika mpaka madawatini, ikavuka. Nilipofika kwa Fatu nikasita, kwa sababu marehemu hawezi kuitika, na sikujua kama inafaa kuita. Bi Somoe akanipungia mkono niendelee. Nikaita, "Fatu!" Na mikeka yote ikaitika.